Kigoma nakimbia kilomita 21 nacheka, Dar nikazimika ya 15. Wakuu, nini hiki?

#1 MwishoWaReli
Wakuu habari za humu.

Wenye uzoefu naomba mnieleweshe. Niko Kigoma mjini na mbio ni starehe yangu. Naanzia stesheni, napanda kile kilima cha Mwanga, nanyoosha hadi Ujiji, narudi. Jumapili nikiwa vizuri nachepukia njia ya Mwandiga mpaka saa inasoma 21. Namaliza, naoga, kanisani nawahi ibada ya pili.

Sasa nikajiandikisha mbio za jijini Dar. Jina la mbio naliacha, sitaki maneno na waandaaji. Njia inapita Daraja la Tanzanite na mitaa ya Masaki, tambarare tupu. Kila niliyemwambia alinijibu, "wewe mtu wa vilima utawaacha." Kweli hadi kilomita ya 10 niliwaacha. Ya 15 miguu ikagoma. Sikukata pumzi, pumzi ilikuwepo. Mapaja hayanyanyuki, vigimbi vinakaza, nikaanza kutembea. Mzee mmoja ana mvi kichwa kizima, raba zimepauka, akanipita huku anaongea na simu. Nasema ANAONGEA NA SIMU, tena anacheka.

Nimemaliza 2:14. Huku nyumbani na milima yote natumia 2:03. Kwa nini?

#2 Mgebuka_Mkavu
Huyo mzee aliyekuwa kwenye simu alikuwa anaongea na mimi. Aliniambia "kuna kijana wa Kigoma hapa kasimama, nimletee bajaji?"

Nakaa hapa nawasubiri wataalamu.

#3 FundiBaiskeli
Mkuu weka muda wa vipande vipande. Kilomita 5 za kwanza ulitumia dakika ngapi? Bila hapo tutakuwa tunapiga ramli tu.

#4 MwishoWaReli
@FundiBaiskeli 5 za kwanza dakika 26, za 10 dakika 53. Huku nyumbani 5 za kwanza huwa 29 sababu ya kupanda Mwanga.

#5 FundiBaiskeli
Kesi imeisha, mods fungeni uzi. Ulibebwa na umati. Pale mwanzo kuna muziki, MC anapiga kelele, watu maelfu, mtu wa dakika 29 anajikuta anakwenda 26 na anajiona yuko vizuri kabisa. Deni linakuja kudaiwa kilomita ya 15. Hakuna cha Dar wala cha Kigoma hapo.

#6 Asali_ya_Tabora
Fundi usiharakishe kufunga. Kwa hesabu yako mbona Juma Ikangaa, yule mkimbiaji wetu wa zamani, alikuwa anatoka mbio tangu bunduki inalia, anaongoza mbele peke yake, na alishinda marathoni ya Boston mara tatu? Kutoka kwa kasi si dhambi.

Tatizo lenu watu wa Kigoma ni mteremko. Mnapanda kidogo, halafu mnashuka mnabebwa, miguu inapumzika. Njoo Tabora, kutoka Cheyo hadi Kipalapala hakuna cha kushuka. Msuli ule ule, hatua ile ile, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sisi tambarare tumeizoea. Wewe mapaja yako hayajawahi kufanya kazi saa mbili mfululizo bila likizo.

#7 Mwl_Ramani
@Asali_ya_Tabora rekebisha hapo. Ikangaa hakuwahi kushinda Boston. Alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Alichoshinda ni New York, 1989, kwa 2:08:01.

Na ukiangalia vizuri, Boston inamsaidia Fundi kuliko wewe. Wanaanzia Hopkinton, sehemu ya kwanza ni mteremko, watu wanakwenda kasi bila kujua. Halafu vilima vya Newton vinawasubiri mbele, mwili umeshachoka. Ikangaa mwaka 1990 aliingia nusu ya njia kwa kasi ya ajabu na Gelindo Bordin wa Italia akaja kumpita.

#8 Asali_ya_Tabora
Shikamoo mwalimu. Nimekubali ya Boston. Ya msuli ule ule sijakubali.

#9 DerevaWaMalori
Asali ana hoja. Injini iliyozoea kubadilisha gia ukiipeleka kwa gia moja Dodoma hadi Dar itachemka tu.

#10 FundiBaiskeli
Ni kinyume jamani. Anayeshuka ndiye anayeumia mapaja. Ukishuka, paja linafanya kazi ya kukuzuia, linavutika huku limekaza, nyuzi za msuli zinachanika kidogo kidogo. Muulize yeyote aliyewahi kukimbia kushuka kutoka Mwanga kwa kasi, kesho yake ngazi anashuka kinyumenyume. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anatakiwa awe na mapaja ya chuma kuliko wa Tabora.

#11 Temeke_Mzawa_Ujiji
Jamani mnaongea habari za vilima mtu kakimbia Dar. Mimi nimezaliwa Ujiji nakaa Temeke. Nikija likizo Kigoma nakimbia naona raha, nikirudi huku ile ile kasi inanitoa roho. Ni FUKUTO. Kigoma kiangazi hewa ni kavu, jasho linakauka, mwili unapoa. Dar jasho linatiririka halikauki, fulana inalowa mpaka raba zinalia chwaka chwaka. Jasho lisilokauka halipoozi chochote, unapoteza maji bure. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi kujipooza, miguu inabaki na kidogo.

Wataalamu wa michezo wanashauri siku 10 hadi 14 za kuzoea joto jipya. @MwishoWaReli ulifika lini?

#12 MwishoWaReli
Nilifika Ijumaa usiku kwa basi, mbio Jumapili. Wiki mbili Dar nani atanilisha mkuu?

#13 Temeke_Mzawa_Ujiji
Ungekuja na mawese na dagaa ndoo moja, Temeke nzima ingekulisha.

#14 Mgebuka_Mkavu
Basi kutoka Kigoma! Mtu kakaa kwenye siti hadi magoti yamesahau kazi, Jumapili anadai maelezo. Miguu ilikuwa bado iko Nzega.

#15 Mwl_Ramani
Kabla hatujamalizana na joto, kuna kitu watu wa magharibi tunakisahau. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, jua si moja.

Dar iko longitudo 39 na ushee mashariki, Kigoma 29 na nusu hivi. Tofauti ni karibu nyuzi 10, na kila nyuzi ni dakika 4. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani Dar wanafuturu sisi bado tunaliangalia jua juu ya ziwa. Asubuhi ni vivyo hivyo. Mbio zikianza saa 12 Dar, kunapambazuka mapema kuliko kwetu kwa zaidi ya nusu saa. Yeye anamaliza saa 2 na robo ya Dar. Jua la saa hiyo, kwa Kigoma, ni la saa 3 kasoro. Sasa muulizeni, huku nyumbani huwa anakimbia saa ngapi?

#16 MwishoWaReli
Saa 11 na nusu natoka, giza bado. Nikifika Ujiji ndio kunaanza kupambazuka. Sikuwahi kufikiria hiyo mwalimu.

#17 Asali_ya_Tabora
Mwalimu hapo umepiga mule mule. Ila nusu saa ya jua la asubuhi kumlaza mtu kilomita ya 15? Mwezi wa saba? Hapana. Ingekuwa Januari ningekaa kimya.

#18 Kijana_wa_Bangwe
Mbona mnazunguka. Kigoma ni juu, Dar ni chini. Alizoea hewa nyepesi ya juu, alipofika Dar hewa nzito ikamzidi. Ndiyo maana hata wakimbiaji wetu wa marathoni akina Simbu wanafanya mazoezi Arusha.

#19 Mwl_Ramani
@Kijana_wa_Bangwe umegeuza juu chini. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu kutoka usawa wa bahari, mji umepanda kidogo tu hapo. Tabora ni kama 1,200. Huo si urefu wa kubadilisha damu ya mtu. Wanaotafuta faida ya mwinuko wanakwenda mita 2,000 na zaidi, Iten kule Kenya ni 2,400. Na ukitoka juu kwenda chini unapata oksijeni ZAIDI. Taabu ni kupanda. Olimpiki ya Mexico 1968 ilikuwa mita 2,240, wakimbiaji wa masafa marefu walikiona. John Stephen Akhwari wetu alianguka akaumia goti, akamaliza na bandeji zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia.

#20 Mgebuka_Mkavu
Akhwari na goti lile hakutembea akilalamika mtandaoni.

#21 MwishoWaReli
@Mgebuka_Mkavu wewe umewahi kukimbia hata kuwahi kivuko?

#22 Mgebuka_Mkavu
Mimi ni mchambuzi.

#23 NesiWaKata
Nimesoma uzi wote, nashangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza ambalo sisi tunauliza. Kaka, kwa miezi ya karibuni uliugua? Kigoma na Tabora ni mikoa ya malaria, tusidanganyane. Vimelea vinavunja chembe nyekundu za damu. Ukimaliza dozi homa inaondoka, unajiona mzima, lakini wekundu wa damu unachukua wiki kadhaa kurudi. Ukiwa ofisini hutagundua. Ukikimbia polepole pia hutagundua. Siku ukiongeza kasi ndio unajua.

Swali la pili, ulikunywa nini njiani na kiasi gani?

#24 MwishoWaReli
Dada nesi, malaria niliipata mvua za masika zikiishia, nikamaliza dozi vizuri. Sikupima wingi wa damu. Lakini baada ya hapo nimekimbia Ujiji mara nyingi bila tatizo.

Maji: meza za kwanza nilikunywa vikombe viwili viwili. Meza ya kilomita 13 nilikuta vikombe vitupu barabarani na kijana wa kujitolea anatuambia "gari linakuja". Halikuja nikiwa pale.

#25 Kijana_wa_Bangwe
Kumbe! Uzi mzima unahangaika, mtu alikosa maji.

#26 NesiWaKata
Taratibu. Meza moja kukosa maji asubuhi, kwa mtu aliyekwishakunywa vikombe viwili viwili, hakumwangushi kilomita mbili mbele. Hata kunywa mno ni hatari. Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na jambo lililojitokeza zaidi ni wale waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Maana yake walikunywa kuliko walichotoa jasho. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, utajua mwili wako unapoteza kiasi gani. Wanaosema "kunywa hata kama huna kiu" wamepitwa na wakati.

#27 Temeke_Mzawa_Ujiji
Hapo kwenye vigimbi kukaza, si ni chumvi imeisha? Mimi naweka ORS kwenye chupa na sijawahi kukazwa tena.

#28 NesiWaKata
Wataalamu wenyewe wanavutana. Kuna kundi linasema chumvi na maji. Kundi jingine linasema msuli ukichoka, mishipa ya fahamu inapoteza udhibiti, inatuma amri ya kukaza bila ya kuachia. Hawa wa pili wanauliza, kama ni chumvi imepungua mwili mzima, mbona kinachokaza ni kigimbi kinachokimbia, mkono haukazi? Na mbona ukinyoosha mguu kunaachia, wakati hujala chumvi yoyote? Ni swali zuri. Lakini ORS yako endelea nayo.

#29 FundiBaiskeli
Msuli uliochoka kwa sababu gani? Kwa sababu ya dakika 26. Nasubiri mtu anipinge.

#30 BintiKasulu
Nakupinga mimi. Mwaka jana kwenye mbio za jiji nilianza polepole makusudi, nikawa nyuma kabisa ya yule mkimbiaji anayebeba bendera ya muda wangu, na bado nilikufa kwenye kilomita ya 16. Kilichoniua ni kupenya. Nilianzia nyuma na watembeaji na wanaopiga selfi wamejaa mbele. Kulia, kushoto, panda ukingo, shuka, simama, kimbia tena. Kigoma na Kasulu tunakimbia barabara wazi, mwendo mmoja, ukisumbuliwa ni na mbuzi.

Saa yangu ilisoma 21.6 mwisho.

#31 DerevaWaMalori
Basi walipima vibaya. Wanatuibia mita.

#32 FundiBaiskeli
@DerevaWaMalori hapo sasa umeingia kwenye fani yangu. Njia iliyothibitishwa inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote, anakata kila kona kwa ndani. Halafu wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa pungufu. Kwa nusu marathoni, kilomita 21.0975, hiyo ni mita 21 za nyongeza. Zinazobaki umeziongeza mwenyewe kwa kuzungukia kona kwa nje na kupenya watu. Na saa nayo inachanganyikiwa kwenye maghorofa.

Mbio zenyewe kama hazina cheti, hapo sijui wamepima na nini. Labda na pikipiki.

#33 BintiKasulu
Nimekuelewa fundi, ahsante. Bado mita zile nilizikimbia kwa miguu yangu, cheti au bila cheti.

Kitu kingine, hivi wanawake wa humu mnakimbia wapi? Mimi asubuhi nikitoka na suruali wamama wanauliza "mwanangu, nani kafariki?" Juzi mtoto kanikimbiza mpaka sokoni akiimba jina la Simbu.

#34 NesiWaKata
Bora Simbu. Mimi naitwa mwizi. Nafunga kanga kiunoni nikiwa mtaani, nikifika barabara kubwa naitoa naifunga mkononi. Wakikuuliza waambie Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41, naye ni mwanamke wa nchi hii hii.

#35 Asali_ya_Tabora
Tukimtaja Simbu tumtaje vizuri. Ni mtu wa Singida, jirani zetu. Tokyo 2025 mwezi wa tisa, joto na fukuto kama la Temeke, bingwa wa dunia kwa 2:09:48, muda mmoja na Amanal Petros wa Ujerumani, wakatenganishwa kwa picha. Alikaa ndani ya kundi muda wote, akangoja. Fundi, hiyo ya kungoja nakupa wewe. Lakini na Singida nayo ni tambarare, hiyo najipa mimi.

#36 FundiBaiskeli
Unajipa kila kitu wewe.

#37 Mzee_wa_Gungu
Vijana nawasalimu. Kwa umri wangu nasema hivi: huyu kijana alilala wapi na alikula nini? Hamjauliza.

#38 MwishoWaReli
Shikamoo mzee. Nilifikia kwa dada yangu Mbagala. Jumamosi usiku kanipikia pilau la kuku, kachumbari, na juisi ya ukwaju. Kulala nililala saa 6, watoto wake walitaka hadithi za ziwa. Saa 9 usiku niliamka kutafuta usafiri.

#39 Mzee_wa_Gungu
Marahaba. Basi mimi nimemaliza.

#40 Kijana_wa_Bangwe
Pilau ni wanga mzee, wanga ndiyo mafuta ya mbio. Yakiisha ndio unazimika.

#41 NesiWaKata
Akiba ya wanga kwenye misuli na ini inamtosha mtu wa kawaida kwa saa moja na nusu hadi mbili. Yule anayezimika kwa kuishiwa ni wa marathoni kamili, kilomita ya 30 hivi. Yeye alizimika kama saa moja na dakika 20 tangu aanze, na usiku alikula pilau. Wanga sidhani. Usingizi wa saa tatu, ndiyo, mzee yuko sahihi.

#42 MwishoWaReli
Nimewasoma wote. Ila @FundiBaiskeli kuna kitu kinanisumbua kuhusu kasi. Nimeshawahi kukimbia kilomita 10 kwenda Ujiji na kurudi kwa dakika 52 na nikabaki na nguvu ya kupanda tena Mwanga. Kwa hiyo 53 ya Dar haikuwa kasi ya kigeni kwangu. Na jana nimefanya jaribio la mwalimu, nimetoka saa 2 asubuhi jua limewaka nikakimbia 15. Nimechoka, lakini miguu haikugoma.

#43 Mwl_Ramani
Jaribio zuri, lakini umebadilisha jua, hukubadilisha unyevu wa hewa. Na ulilala kwako.

#44 Temeke_Mzawa_Ujiji
Na hukupanda basi.

#45 FundiBaiskeli
Na ulikimbia 15. Kule ulizimika 15. Ungeendelea hadi 21 tujue.

#46 Asali_ya_Tabora
Na ulipita mteremko.

#47 MwishoWaReli
Haya. Mwezi ujao nakwenda Tabora kikazi. @Asali_ya_Tabora nitafutie njia tambarare ya 21, tukimbie wote, halafu tutajua ni msuli au ni nini.

#48 Asali_ya_Tabora
Karibu sana. Njia ipo ya kwenda bwawa la Igombe, asubuhi magari ni machache. Chupa za maji nabeba mimi, saa abebe mwalimu. Malazi nyumbani, hakuna pilau, hakuna hadithi za ziwa. Saa 3 usiku nazima taa.

#49 BintiKasulu
Na mimi naweza kuja?

#50 Mgebuka_Mkavu
Nakuja kwa treni kama mwangalizi huru. Nani ananipokea stesheni?

#51 DerevaWaMalori
Wakuu nje ya mada kidogo, hao wapimaji wa njia kwa baiskeli, wanalipwa?